Maziwa ya Tina

Elikia aliacha nyama akiwa na miaka ishirini na mbili, siku alipoona ng'ombe wakishushwa kutoka behewani karibu na nyumba yao ya mtaa wa Shituru. Mmoja alikuwa amevunjika mguu, na wakamburuta kwa kamba. Baadaye aliacha samaki, mayai, hata maziwa.

Mama yake, Berthe, mjane wa karani wa reli, aliona aibu. Baba yake Berthe alitoka Kasai kuja kuchimba shaba, na kwake nyama mezani ndiyo ilikuwa heshima ya mtu mwenye kazi. Mgeni atapokelewaje kwa bukari, yaani ugali, na majani ya muhogo tu?

"Mama, mbuzi hakutupatia maziwa yake," Elikia alikuwa akimwambia. "Tunamunyang'anya. Iko na mutoto wake."

"Mungu alitupatia nyama."

"Alitupatia na huruma."

"Na panya? Utamuachia unga?"

"Sijue mupaka iko wapi, Mama. Lakini mbuzi najua iko upande gani."

Berthe alicheka.

Elikia aliolewa na Hénoc, mwalimu wa shule ya msingi, akapata mimba. Berthe alimsihi ale maini, walau yai. Yeye alikula maharagwe na karanga, akameza vidonge vya damu alivyopewa kliniki. Mwezi wa Aprili alijifungua mtoto wa kike asubuhi, akavuja damu mpaka jioni, akafa. Daktari alieleza kwamba kizazi kilikataa kujikaza, jambo linaloweza kumpata mwanamke yeyote, ale asile nyama. Msibani wanawake walinong'ona kuwa majani ndiyo yaliyomuua. Siku nyingine Berthe naye aliamini hivyo.

Mtoto aliitwa Tina, akabaki mikononi mwa Berthe. Alipofika wiki tano, maziwa ya kopo yaliadimika katika maduka yote ya mtaa wa Kikula. Uji mwepesi wa soya ulimharisha. Muuguzi akamshauri Berthe atafute maziwa ya mbuzi, akamwonyesha namna ya kuyachemsha, mpaka makopo yapatikane tena.

Jirani yao Gaston alikuwa na mbuzi aliyetoka kuzaa. Alikubali kuwauzia mbuzi na kitoto chake, lakini akawaonya: kitoto hicho kiende sokoni, maana maziwa hayatawatosha wawili.

Hénoc alizungumza akitazama chini, kama mkwe anavyozungumza.

"Mama, Elikia hangekubali."

"Elikia alikufa. Mutoto hajakufa."

"Najua. Nasema tu ili isikosekane muntu wa kuisema."

Jumamosi kitoto cha mbuzi kikapelekwa soko la Kikula, kimefungwa nyuma ya baiskeli. Mbuzi mama alilia kuanzia mchana huo hadi Jumanne. Berthe alimkamua huku ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wake, akisikia kile kilio kikitetemeka ndani ya mbavu. Yeye mwenyewe siku ya tatu baada ya maziko ya Elikia aliambiwa na ndugu zake anyamaze, inatosha.

Tina alinywa. Mashavu yakajaa.

Miezi ikapita. Siku ya kuondoa matanga ilipokaribia, Mukendi, kaka mkubwa wa Berthe, alikuja kutoka Kakanda. Tina alikwisha kuanza uji, na mbuzi alikuwa akikaukiwa maziwa. Mukendi akataka mbuzi huyo achinjwe.

"Matanga haiondolewe na maharagi," alisema.

"Huyu hapana, yaya," Berthe alimjibu kaka yake. "Alinilishia mujukuu."

"Basi na weye utakuwa kama binti yako?"

"Hapana. Miye samaki nakula. Hata nyama siku ingine."

"Hiyo haina kichwa wala miguu. Ao wote, ao hakuna."

"Labda," Berthe alisema. "Lakini huyu hapana."

Wakapika maharagwe na sombe, yale majani ya muhogo, iliyotiwa karanga. Mukendi hakugusa sahani. Aliondoka kabla ya sala, na mpaka leo hajarudi wala kupiga simu.

Wageni walipotawanyika, Berthe na Hénoc walibaki uani wakisugua sufuria.

"Kile kitoto," Berthe alisema. "Elikia angenisamehe?"

Hénoc alisuuza sufuria, akaiinamisha ukutani.

"Sijue, Mama. Angelia sana. Kisha angekusaidia kuchemsha maziwa."

Berthe alifunika uso kwa kitenge chake. Kwa mara ya kwanza tangu ndugu zake walipomnyamazisha, alilia kwa sauti, na Hénoc hakumwambia anyamaze.