Watu Kumi na Watano Waliofutika Kimya Kimya

Kozi ilikuwa ya bure, Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa jumuiya wenye viti vya plastiki na kompyuta tisa, mbili kati yake za mapambo tu. Tangazo lilisema tutafundishwa kuiamuru kompyuta kwa maandishi, bila kubofyabofya. Aliyenivuta ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Nilimwambia mimi na diploma yangu ya ugavi nimeshasoma vya kutosha. Akasema basi nije nimbebee mkoba.

Tunafanya kazi chuo kimoja cha ufundi. Mimi natunza stoo, yeye yuko masjala, na chuo kizima kinamwita Mama Faili. Alibakiza miezi mitatu astaafu, na bosi akampa kazi ya mwisho: nakala za vyeti vya wahitimu wote wa zamani, elfu moja mia tatu na kumi na mbili, ziingie kwenye kompyuta, halafu karatasi zenyewe zikasagwe, maana chumba kile kilitakiwa kiwe ofisi. Aliyepoteza cheti, au nyumba yake ikaungua, huja kwetu kuomba kingine. Bila nakala ya chuo, huyo hana cha kuonyesha kwamba aliwahi kushika hata nyundo.

Skena yetu haijui majina ya watu. Kila karatasi inaipa namba tu. Mama Faili alikuwa na orodha aliyoichapa mwenyewe: namba, jina, fani na mwaka wa kujiunga. Kubadilisha faili moja moja kwa mkono, angestaafu mara mbili. Ndipo mwalimu wetu, binti anayetengeneza simu mtaani, umri wa mwanangu wa pili, akamwelekeza kuandika skripti, yaani mistari michache ya amri ambayo kompyuta inairudia yenyewe mpaka orodha iishe. Amri iliyobeba kazi yote ni ya herufi mbili, mv: toa jina hili, weka lile. Ilimchukua Jumamosi nne. Ijumaa moja akaiwasha pale masjala, dakika haikuisha, namba zote zimekuwa majina. Akampigia bosi simu hapo hapo. Bosi akaita lori lije Jumatatu.

Kesho yake alikuja darasani na flashi yake yenye faili zote na orodha, na pakiti mbili za biskuti, anatembea kama bibi harusi. Mwalimu alimpongeza, kisha akauliza kama alitoa nakala ya faili kabla ya kuendesha. Hakutoa, kompyuta ya masjala ilikuwa imejaa. Mwalimu akaacha kutafuna.

Mama Faili ana tabia moja: hakabidhi kitu bila kukihesabu, hata ukimwachia funguo tatu. Akachomeka flashi, akaandika ile amri ya kuorodhesha faili na ile ya kuhesabu mistari. Ikatoka elfu moja mia mbili tisini na saba.

Akahesabu tena. Ikawa ile ile.

Mwalimu akavuta kiti karibu, akamweleza polepole. Kabati moja la kompyuta, yaani folda, halikubali faili mbili zenye jina moja. Ukileta ya pili, inakaa juu ya ile ya kwanza, na ya kwanza ndiyo basi tena.

"Na haikuniuliza?" Mama Faili alisema.

"Haiulizi, mama. Mpaka uiambie iulize."

Nikasema nimefanya kazi na watu wa namna hiyo. Hakucheka mtu.

Skena nayo hufuta kumbukumbu yake kila ikishatuma picha, kwa hiyo watu kumi na watano walikuwa wamebaki kwenye karatasi tu, na karatasi zilikuwa kwenye magunia stooni kwangu zikisubiri lori. Nakiri nilimwinamia nikamnong'oneza kwamba hakuna atakayejua, na kwamba kati ya hao kumi na watano labda hata mmoja hatakuja kuuliza.

Akanigeukia. "Shemeji, hao ni watu."

Basi nikala biskuti.

Mwalimu akamuuliza orodha ipo? Ipo. Akamwachia kibodi, akawa anamkumbusha tu. Mama Faili akakata safu ya majina, akayapanga kwa amri ya sort, akamalizia na uniq, aliyoiambia imwonyeshe yanayojirudia peke yake. Akakosea, akafuta, akaandika upya. Yakajipanga majina kumi na manne.

Kumi na manne? Akayahesabu upya. Mpaka aliporudi kwenye orodha akakuta jina moja lina wenyewe watatu: fundi umeme, seremala na mchomeleaji. Huko kwetu ukimpenda babu unampa mtoto jina lake, na akina babu hao hawakuwa na ubunifu.

Tulishinda stooni Jumamosi hiyo na Jumapili nzima. Magunia Mama Faili aliyapanga mwenyewe kwa mwaka wa kuhitimu, kwa hiyo tukihesabu kutoka mwaka wa kujiunga tulijua pa kuanzia. Mke wangu alikuja na chupa ya chai na maneno ya kututosha sote wawili, kisha akajifunga kanga kiunoni akaanza kupekua. Jumapili jioni tulikuwa na karatasi kumi na nne. Mchomeleaji hakuonekana. Gunia la mwaka wake tulilimwaga mara tatu.

Jumatatu lori likarudi nyuma mpaka mlangoni, na bosi akaja na fomu ya kukabidhi. Mama Faili akamweleza yote, bila kumtaja mwalimu wala skena.

"Mtu mmoja?" bosi aliuliza. "Kati ya elfu moja na mia tatu?"

"Mimi ndiye niliyempoteza, bosi. Sisaini."

Bosi alisema mengi, kati ya hayo kwamba atamwandikia barua ya onyo na itaingia kwenye jalada lake miezi michache kabla ya kustaafu. Mama Faili akamjibu kwa heshima kwamba majalada anayafungua yeye, ataiweka mahali pazuri. Dereva wa lori akageuka pembeni kukohoa. Bila saini hakuna gunia linalotoka, na bosi analijua hilo kuliko sisi. Akatoa siku tatu.

Jumatano, saa nne asubuhi, Mama Faili akamkuta mchomeleaji wake. Alikuwa kwenye gunia la mwaka uliofuata. Kijana alianguka mtihani wa vitendo, akarudia mwaka mzima, na sisi tulikuwa tunamtafuta kati ya waliofaulu mara ya kwanza.

Mama Faili alikaa chini juu ya magunia, karatasi mapajani. Kwenye picha alikuwa kijana mwembamba, kola imemzidi shingo, anaikodolea kamera macho.

"Kumbe ulirudia, baba," akamwambia. "Hata mimi nimerudia."

Kisha akanipa mkono nimwinue, akaenda kuwasha skena.