Honi ya Dafroza

Mwaka themanini na nane, Dafroza aliugua malaria kali, akapigwa sindano za kwinini mpaka akapona. Homa ilipoondoka, iliondoka na sehemu ya masikio yake. Milio mizito aliisikia. Maneno ndiyo yalimpotea: watu walionekana kama wanaongea ndani ya mtungi. Akaacha kwenda kwaya, yeye aliyekuwa akiongoza sauti ya pili tangu usichana wake Butiama.

Mumewe, Felisiani, alikuwa fundi wa redio pale Iringo. Alichukua honi ndefu ya bati iliyotoka kwenye kipaza sauti kibovu, akasafiri hadi Bunda kutafuta yuniti, ile injini ndogo ya sauti inayofungwa nyuma ya honi. Siku hizo maduka yalikuwa yameanza tena kuwa na vitu, na mwenye duka mmoja akamtolea yuniti mbili, kubwa na ndogo. Felisiani alichukua ile kubwa.

Akaifunga nyumbani, akaunganisha amplifaya na betri ya gari, akaweka kaseti ya kwaya. Sauti ikalipuka. Kuku walikimbia uani. Dafroza akaziba masikio kwa viganja, machozi yakamtoka.

"Zima, Baba Magige! Zima!"

Akazima. "Si ulikuwa husikii?"

"Nasikia kelele. Kelele zinaniumiza kuliko zamani." Akajifuta uso kwa kanga. "Mimi sitaki kelele, mume wangu. Nataka maneno."

Felisiani alikaa chini kwenye kigoda, bisibisi ikiwa mkononi. Muda wote alikuwa amechagua kwa kutazama ukubwa wa sauti, kama mtu anayefungia uwanja wa mpira, na mke wake ni mtu mmoja aliyekaa hatua chache kutoka kwenye honi.

Akarudi Bunda, akabadilisha yuniti kubwa kwa ndogo. Kisha akachonga honi nyingine kwa mbao ya mvule, fupi, yenye mdomo mpana ili sauti isambae taratibu chumbani. Alipojaribu, ikatoa mluzi wa hewa: koo la honi lilikuwa pana kuliko mdomo wa yuniti. Akachonga pete ya mbao ya kuziba pengo, akaisugua kwa msasa mpaka kidole kikapita bila kukwama popote. Akaweka na kapasita, kifaa kidogo cha kuzuia besi, ile milio mizito, maana yuniti ndogo ikilazimishwa kuimba chini hukoroma, na inaweza kuungua.

Safari hii hakuongeza sauti mwenyewe. Alimweka Dafroza mbele ya honi, akamwachia kitufe cha kuongeza sauti.

"Zungusha wewe. Ukifika pazuri, simama."

Dafroza akazungusha kidogo kidogo. Akasogeza kiti nyuma, akakirudisha, akainamisha kichwa upande wa kushoto. Felisiani alimtazama midomo.

"Huyu Hyasinta," akasema polepole, akimtambua mwenzake wa kwaya kwenye kaseti. "Bado anameza mwisho wa neno. Nilikuwaga namkataza kila siku."

"Unasikia maneno?"

"Si yote. Rudisha pale."

Akairudisha kaseti. Dafroza akaanza kuimba sauti ya pili, juu ya sauti ya Hyasinta. Alitoka nje ya sauti, akatafuta, akatoka tena. Felisiani, ambaye siku zote alikuwa mwepesi wa kusahihisha chochote chenye waya, safari hii alimshika bega tu.

Masikio ya Dafroza hayakurudi. Lakini kila wimbo mpya Hyasinta aliuleta ukiwa kwenye kaseti, na Dafroza akaukalia mbele ya honi mpaka ukamwingia. Pasaka iliyofuata alisimama na kwaya, kando ya Hyasinta, akifuata kifua chake kinavyopanda na kushuka ili asichelewe kuanza. Felisiani alikaa benchi la mbele. Mara mbili mkewe aliimba chini kidogo ya wenzake, na mara zote mbili Felisiani alitabasamu.