Jangwa la Profesa

Kwenye korido ya idara yetu ya jiolojia, mkabala na choo cha wanaume, limetundikwa bamba la jiwe jekundu, pana kama meza ya watu sita. Chini yake kuna kibao cha shaba: "Mawimbi ya Mchanga, Jangwa la Kale", na jina la Profesa kwa herufi kubwa kuliko za jangwa lenyewe. Wageni wote hupitishwa hapo kwanza. Profesa hupapasa vituta vya lile jiwe, kisha huwaambia kwamba penye mwamba mwekundu palikuwa jangwa. Wageni huitikia kwa vichwa. Mimi hupita na ndoo yangu ya maji machafu nikicheka ndani kwa ndani.

Mimi ni fundi wa kukata mawe. Miaka ishirini na miwili nimempasulia Profesa mawe, na mwenyewe hajagusa msumeno hata siku moja, maana unachafua shati. Jiwe hulishika kwa ncha za vidole, kama nepi.

Siku binti wa kaka yangu alipotetea tasnifu yake, nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Nimemlea mimi tangu darasa la tatu. Profesa alikwisha kumwambia waziwazi: aitoe sura ya nne, la sivyo shahada asahau. Sura ya nne ilisema jangwa la Profesa lilikuwa bonde la mto.

"Wekundu ni kutu ya chuma," binti alieleza. "Mto unafurika, unaacha tope. Maji yakipungua tope linakauka, linapasuka, hewa inaingia, chuma kinashika kutu. Msimu wa mvua, msimu wa kiangazi. Si lazima pawe jangwa."

"Na mawimbi ya pale korido?" Profesa aliuliza huku akiwatabasamia wenzake.

"Si mawimbi, Profesa. Ni nyufa za tope zilizojaa mchanga. Mawimbi hujipanga sambamba. Haya yanakutana kona kwa kona, kama vigae."

"Upepo uligeukageuka."

Walimu wawili wakaandika hayo kwenye daftari. Watu wazima, wenye ndevu, wakaandika kwamba upepo uligeukageuka. Kazi ya hao wawili pale idarani ni kumvika Profesa kilemba cha ukoka, na wanaifanya kwa bidii.

Mtahini wa nje, bibi mmoja mkavu aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akavua miwani. "Nyufa huwa zimebonyea, binti. Zile zimetuna."

"Zimetuna kwa sababu tunatazama upande wa chini: tope laini limelika, mchanga mgumu uliojaza nyufa umebaki umechomoza. Upande wa juu umegeuziwa ukutani."

"Mshale uko wapi?" Profesa akauliza.

Swali lilikuwa la haki. Kabla jiwe halijang'olewa porini, huchorwa mshale ubavuni kuonyesha upande uliokuwa juu. Bila mshale, umebeba tofali tu. Na mshale ulikuwepo. Profesa aliniamuru niusage, eti unaharibu sura ya jiwe. Nikausaga, nikafyata ulimi miaka saba, na hata binti sikumwambia.

Nilisimama. "Niliufuta mimi, Profesa, kwa amri yako. Ulielekea huko huko ukutani."

"Fundi, haya si mambo ya mafundi."

"Basi tulikate, tuone ndani."

Bibi akasema likatwe. Tulilishusha sote, wale wenye ndevu wakilalamikia vumbi. Nikakata ukanda wa upana wa kiganja pembeni, nikaumwagia maji, nikauweka mezani. Nyufa zilikuwa pana upande wa ukutani, kama ufa wa tope unavyokuwa juu, zikachongoka kuelekea kwenye vituta. Kati yake, ndani ya wekundu, mlipita nyuzi za kijani kilichopauka, nazo zikigawanyika na kuwa nyembamba kuelekea huko huko.

"Na hizi?" bibi aliuliza.

"Mizizi," binti akasema. "Mzizi ukioza, unaondoa wekundu kandokando yake."

Bibi akamgeukia Profesa. "Kwa hiyo kwenye jangwa lako mimea ilikuwa inapeleka mizizi angani kutafuta maji?"

Profesa alikohoa. Kisha, bila haya hata chembe, akasema kwamba yeye binafsi alikuwa na mashaka na jiwe lile kwa muda mrefu. Wale wawili wakaliandika na hilo. Profesa akasaini tasnifu.

Nilirudi karakana kuosha msumeno, kichwa kimenivimba kwa fahari. Binti alinifuata, akaketi kwenye kreti la sampuli. Sikuona furaha usoni mwake.

"Shangazi, maktaba kuna tasnifu ya kaka mmoja wa miaka minne iliyopita. Aliandika haya haya niliyoandika mimi. Haina saini hata moja."

"Namkumbuka," nikasema. "Aliacha masomo."

"Hakuja hapa kukuuliza habari za mshale?"

Nilifunga bomba la maji. "Alikuja."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia mimi ni fundi tu, akamuulize Profesa."