Jina la Ciakuthii Chini ya Ukurasa

Makala ya Mwalimu Munyi ilirudishwa na jarida la Nairobi kwa sababu alikuwa ameijaza karatasi. Aliandika pande zote mbili, mpaka ukingoni, vile alivyowafundisha watoto wa kijiji chake, Kianjokoma, wasiharibu karatasi. Mhariri alitaka upande mmoja tu, mistari iachane, pambizo ziwe pana.

"Anataka nafasi tupu," Munyi alisema.

"Basi tumpigie nafasi tupu, Mwalimu," alijibu Mwanamisi, mke wa mchinjaji, aliyewapigia watu taipu kwenye baraza ya bucha mjini Embu. Alipachika kaboni, akaanza. Makala ilihusu miti ya dawa, na aliipenda. Kila mti ulielezwa pole pole, kama mgeni anayejulishwa nyumbani.

Alipofika kwenye tanbihi, vidole vilisimama. Mhariri alitaka kila msimulizi atajwe kwa jina na mahali. Munyi alikuwa ameandika: "Ciakuthii, mama yangu, alinionyesha mti huu msituni mwaka huu, 1954."

Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni ilikuwa imekaza. Aliyeonekana msituni alidhaniwa mpiganaji, akapigwa risasi.

"Mwalimu, hapa unampelekea mama yako askari mpaka mlangoni."

"Nilimwahidi jina lake litaandikwa. Tena bila jina, mhariri atanirudishia."

"Msitu tuutoe. Alikueleza nyumbani pia, au sivyo?"

"Alinieleza. Lakini wataenda kumwuliza aliuona wapi."

Mwanamisi alifikiri. "Msichana wako wa kwanza anaitwaje?"

"Ciakuthii. Kwetu huchukua jina la mama wa baba. Hata mimi humwita mama."

"Anatembea?"

"Bado ananyonya."

Mwanamisi akapiga: "Ciakuthii wa Munyi, Kianjokoma." Kisha akasema, "Wakija, wape huyo wamhoji."

Munyi alicheka mpaka akafuta macho. "Na mama?"

"Mwulize kama hilo si jina lake."

Wiki iliyofuata, makala ikiwa imeshatumwa, Munyi alirudi barazani na kikapu cha nduma za kuchemsha.

"Zimetoka kwa Ciakuthii."

"Yupi?"

"Asiye na meno."

"Wote hawana, Mwalimu."

"Mkubwa. Nilimpelekea nakala ya kaboni, nikamwekea kidole pale palipo jina. Akaniambia huyo mhariri ana heshima, hakumbana na watu, amemwachia nafasi pande zote."