Siri Iliyonaswa Sebuleni

Mkunga alikuwa amezalisha nusu ya mtaa bila mkono kumtetemeka, ila mbele ya kompyuta aliyonunuliwa na mwanawe baada ya kustaafu, vidole vilimkakamaa kama vya mtu aliyeshikwa na baridi. Aliyemfundisha ni mkwe wake, mke wa huyo mwana, kila atokapo kazini, hata kabla ya kuvua viatu.

"Hizi programu zimo humu humu, mama. Huna haja ya kuongeza kitu," alimwambia. Wakaanza na kikokotoo, kisha ile ya kuchorea, ambako mkunga alichora nyumba ikatoka kama kuku aliyenyeshewa. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Halafu kikaja kinasa sauti, na hicho alikipenda kupita kiasi.

Mdogo wake alipomtembelea, mkunga alikifungua ili ajitape. Akabonyeza kitufe chekundu, akaimba kidogo, chai ikaja, soga zikanoga, habari ya kitufe ikamtoka kabisa.

Jioni mkwe alivuta kiti. "Haya, tusikie mazoezi yako."

Wimbo ulipita, vikombe vikagongana. Kisha sauti ya mkunga ikajaa sebule: "Mimba ya kwanza ya mkwe wangu ilitoka, na ya pili pia. Hiyo ya pili hata mwanangu haijui. Mie nimepokea watoto wa watu, mjukuu wangu nitampokea lini?"

"Masikini mwanao," mdogo wake aliguna. "Angeoa kwingine."

Mkunga alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipapasa kipanya asione hata mshale ulipo. Mkwe ndiye aliyezima, taratibu.

"Siku ile ya pili ilipotoka, ulinishika mkono bafuni," alisema bila kupandisha sauti. "Nilikwambia kwa sababu ni wewe, mama."

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Uso ulimwaka mkunga. Miaka yote kazini wanawake walimwachia mazito kuliko hayo, na hakuna lililowahi kumponyoka. Asubuhi alikwenda kwa mdogo wake kumsihi afunge mdomo. Mdogo wake akatazama pembeni. Alikwisha kumwambia binti yake.

Mkunga angeweza kulinyamazia hilo. Njia nzima ya kurudi alijishawishi alinyamazie. Lakini mkwe aliporudi kutoka kazini alimkuta mlangoni amesimama, na mkunga akasema yote, hata la yule binti, macho sakafuni.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuvua nguo mbele za watu."

Mkwe aliinama, akavua viatu. "Leo sitakufundisha, mama. Mume wangu akirudi nitamwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu."

"Nikae nawe ukimwambia?"

"Hapana."

Mkunga aliitikia kwa kichwa. Akaenda jikoni, akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.