Tanzia ya Mtu Aliye Hai

"Sifa zote hizi," mjane mmoja alimwambia baba, akimwonyesha tanzia ya mumewe gazetini, "ulizificha wapi alipokuwa hai?"

Baba alikuwa mwanafalsafa wa dini, na sisi Warusi wa Paris, tuliofukuzwa kwetu, tulimjua zaidi kwa tanzia zake gazetini kuliko kwa vitabu vyake. Watu walitaniana: usikohoe mbele ya Platon Arkadyevich, atatoa kalamu.

Wiki ile Gleb Ignatyevich alikuwa anakohoa kweli. Walikuwa marafiki tangu Moscow, mpaka baba alipoandika kitabu akisema kwamba mwisho wa yote Mungu atamsamehe kila mtu, na Gleb akakicheka kitabu hicho hadharani. Tangu hapo baba hakumpa hata salamu.

"Mungu wako anamsamehe mpaka Shetani," mama alikuwa akimchokoza. "Gleb tu ndiye kamshinda?"

Ikafika Jumapili ya Msamaha, mkesha wa mfungo wa Kwaresima. Tulikula chapati za maji za mwisho zenye siagi, kisha kanisani kila mtu akamwinamia mwenzake na kuomba radhi. Baba aliwainamia wote, huku macho yake yakimtafuta mtu mmoja. Gleb hakuwepo. Hakuweza tena kuinuka kitandani.

"Lida," baba aliniambia, "chukua koti lako."

Gleb alipotuona tukiingia chumbani kwake alicheka hadi akapaliwa. "Umekuja kunipima sanda? Sijafa bado!"

Baba alivuta kiti, akaanza kwa sauti ile ile aliyotumia kunisomea kazi zake: "Gleb Ignatyevich alikuwa..."

"Nilikuwa?"

"Nyamaza. Marehemu hakatizi watu."

Akaendelea. Alisema jinsi Gleb alivyovunja kabati la vitabu vyake katika baridi ya Moscow ili mimi, mtoto mchanga, nipate moto. Sikuwahi kuambiwa habari hiyo. Alisema kicheko cha Gleb kilimuuma kwa sababu kilikuwa na ukweli, na kwamba baada yake hakupata msomaji mwingine wa kumwogopa. Kisha akapiga magoti, paji la uso likagusa sakafu.

"Nisamehe, Gleb."

"Mungu atakusamehe. Mimi nimeshakusamehe." Gleb alijifuta machozi kwa shuka. "Lakini sura ya tatu bado mbovu."

"Najua," baba akasema, na wote wawili wakacheka. Mimi nililia kwa furaha, sikujali nani ananiona.

Gleb alifariki kabla ya Pasaka. Mhariri wa gazeti akaja nyumbani. "Platon Arkadyevich, tumekuachia ukurasa mzima kwa tanzia yake."

"Nimeshaimaliza."

"Basi nipatie."

"Nilimpa Gleb mwenyewe."

Gazeti likachapa jina la marehemu na saa ya mazishi tu. Kwenye karamu ya matanga, ambapo desturi yetu ni kula chapati za maji, nilisikia watu wa meza ya pili wakinong'ona: mzee huyu ana roho ngumu, hata kifo hakikumlainisha.

Nilitaka kusimama niwaambie. Baba, aliyewasikia vizuri kama mimi, alinishika mkono chini ya meza.

"Nisogezee chapati za maji, mwanangu," alisema. "Gleb alizipenda zenye asali."