Sentimita Kumi na Moja

Kru, kru, kru. Gizani, kucha za mtoto zilikuwa zikikwaruza muundi wa mguu. Mama yake alinyoosha mkono bila kufumbua macho, akaushika ule mguu, na sauti ikakoma. Alipouachia, ikaanza upya. Ndipo alipojua kwamba kumekaribia kupambazuka. Mtoto aliwashwa zaidi alfajiri, miguu ikishapata joto la blanketi.

Mtoto alikuwa na miaka mitano na aliitwa Chiriku, kwa kuwa hakunyamaza ila akilala. Mama yake alikuwa mpimaji wa kujitolea wa kituo namba saba. Kila Jumanne, maji yakipwa, aliingia kwenye mlango wa mto, akateremsha kisahani cha bati chenye rangi nyeusi na nyeupe kwa kamba yenye alama, akaangalia kinapotelea wapi. Maji yakiwa safi, kisahani huonekana mpaka chini sana. Yakiwa machafu, hutoweka hapo hapo. Ndiyo elimu yote ya kazi ile, na aliipata katika masomo ya jioni, Chiriku akiwa usingizini mgongoni kwake.

Tangu kiwanda cha rangi kilipoelekeza bomba jipya mtoni, hatua arobaini juu ya kituo, kisahani kilitoweka kwenye sentimita kumi na moja. Aliandika 11. Wiki iliyofuata, 11. Mama mkwe wake aliokota kome pale pale, Chiriku akimfuata nyuma. Wote wawili walijikuna, ila bibi alijikuna kwa siri, kwa heshima zake.

Takwimu zilipelekwa kwenye ofisi ya ubia wa kulinda mlango wa mto. Wabia walikuwa mashirika manne, chuo kimoja, na kiwanda chenyewe cha rangi, ambacho kilitoa boti na fulana. Mpimaji alivaa nembo ya kiwanda mgongoni. Mratibu wa ubia alikuwa mtu mpole mwenye viatu safi, na watu walimwita Tushirikiane, maana hakukuwa na kikao alichokifunga bila neno hilo.

Katika kikao cha robo mwaka, Tushirikiane alisoma, "Kituo namba saba, sentimita mia moja na kumi. Hongera sana."

Mpimaji alisimama kutoka kiti cha nyuma.

"Mimi niliandika kumi na moja."

"Nimeona, mama. Mkono ulichoka, ukasahau sifuri. Nimekusaidia."

"Maji ya pale hayafiki hata kiunoni kwangu. Hizo mia na kumi nimezipimia wapi, kisimani?"

Watu wakacheka. Tushirikiane naye akacheka, akafungua ukurasa unaofuata.

Mpimaji akatoa kisahani kikapuni, akaenda mpaka mbele, akakiweka kwenye kifungo cha shati la mratibu, akaivuta kamba. Aliipima polepole, kama anavyopima kila Jumanne.

"Kumi na moja," akasema. "Na wewe uonekane mpaka hapa, isizidi hata upana wa ukucha."

Kisha akarudi kukaa. Kikao kikaendelea na ajenda ya boti.

Wakati wa chai karani alipeleka kikombe mezani kwa mratibu, akaona kiti kitupu. "Niwekee hapa," kiti kikasema. Karani akaweka. Ilibidi mtu amsogelee Tushirikiane pua kwa pua ndipo aone uso wake, tena jicho moja moja. Akirudi nyuma kidogo, mratibu anatoweka, inabaki sauti tu.

Ofisi ilimnunulia kengele ya baiskeli ili watu wasimgonge kwenye korido. Katika picha ya pamoja aliachiwa nafasi katikati, na jina lake likaandikwa chini ya nafasi hiyo. Wafadhili waliandika barua kusifu kiongozi asiyependa kujionyesha.

Mama mkwe alipopata habari, aliweka ndoo ya kome chini.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Wewe umewapimia tu, mkwe wangu."

Mpimaji alifurahi. Hakulificha hilo. Akipika alifurahi, akifua ile fulana alifurahi. Jambo moja tu lilimkera. Alisikia kwamba mtoto wa Tushirikiane, ambaye zamani hakubebwa na baba yake hata siku ya homa, sasa anapakatwa kila jioni, maana bila hivyo hamwoni. Hakuwa amekusudia kumpa yule mtu zawadi.

Jumanne moja kengele ililia majini, karibu na kituo.

"Mama Chiriku."

"Abee."

"Nimekosa. Mwanangu ananipapasa uso kama kipofu. Nionee huruma."

"Rudisha kumi na moja yangu, nami nitakulegezea kamba."

"Ripoti imeshachapwa, mama. Na wale wenye boti ni wabia wetu." Maji yakachezacheza, na uso wake ukajitokeza mbele ya uso wa mpimaji, vinyweleo na yote, jicho limelowa. "Wewe ni mzazi."

Moyo wa mpimaji ulilainika kidogo. Kisha akamtazama Chiriku ufukoni, anajikuna mguu mmoja kwa kisigino cha mwingine.

"Ndiyo, mimi ni mzazi," akasema, akarudi nyuma hatua moja. Mratibu akapotea.

Mwezi uliofuata wabia walikuja kutembelea kituo namba saba. Walivaa mabuti marefu mapya. Waliteremka kwenye boti na kupiga makofi upande ilikolia kengele. Sauti ya Tushirikiane ikawakaribisha, ikasoma mia moja na kumi, ikasema ubia huu ni mfano wa kuigwa. Hatua arobaini juu yao bomba lilimwaga maji ya zambarau, nao walikuwa wameligeuzia mgongo kwa sababu ya jua.

Mpimaji aliteremsha kisahani. Kilipotea kwenye sentimita kumi na moja. Aliandika 11 kwenye daftari, akapulizia wino ukauke.

Mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, alimwinamia Chiriku aliyesimama kando ya bibi yake na ndoo ya kome, maji yakiwa magotini.

"Eti mrembo, mto wenu si unapendeza?"

Kengele ikanyamaza. Wote wakamgeukia mtoto, wakitabasamu, kamera tayari.

Chiriku akasema, "Maji haya yananiwasha."